Panya Aliyetupwa Kando ya Pipa

Juma hili nimepata barua ambayo kwanza ilinichekesha, kisha ikanifikirisha. Ililetwa ofisini kwa mkono, imeandikwa kwa hati nzuri ya watu waliosoma zamani. Mwenye barua ni bibi mmoja wa hapa parokiani. Jina lake silitaji, maana yeye mwenyewe ameomba hivyo.

Bibi aeleza kwamba mwanawe anakaa Leicester, Uingereza, pamoja na mkewe ambaye ni muuguzi, na watoto wao wawili. Siku moja ya baridi watoto walipotoka shule walikuta tundu la waya limeachwa kando ya mapipa ya takataka, chini ya nyumba ya ghorofa wanayokaa. Ndani mlikuwa na panya mmoja, mwili mweupe, kichwa na mabega meusi, kana kwamba amejitanda mtandio. Chupa yake ya maji ilikuwa kavu. Watoto wakampandisha juu. Mama yao aliporudi kazini akapiga kelele, akataka mnyama huyo atolewe usiku uleule. Watoto wakalia. Baba akanyamaza, kama akina baba wengi tunavyofanya mambo yakiwa magumu. Mwishowe wakampigia simu Bibi ili aamue. Naye Bibi, ambaye maisha yake yote ameua panya, ataka nimwambie la kusema.

Bibi, shikamoo. Kwa kuwa kesi yako yaweza kuwafaa na wengine wenye watoto ng'ambo, nimeona nikujibu hapa gazetini. Nimesoma vitabu, nimemwuliza na bwana mifugo, nami nitasema yale niliyoyapata.

Kwanza tumsikilize mkazamwana wako, maana hana kosa. Mtu aliyekulia kwetu anamjua panya. Panya huingia kwenye kihenge akala mahindi ya watoto, na yale asiyoyala huyachafua. Hutafuna nguo na magunia, hata nyayo za mtu aliyelala. Tena huleta maradhi. Wazee wa Lushoto hawajasahau tauni iliyoingia wilayani mwao mwaka 1980, ikarudi tena na tena kwa miaka zaidi ya ishirini. Viroboto wa panya ndio waichukuao. Mkojo wa panya nao waweza kuleta homa iitwayo leptospirosisi. Basi anayemchukia panya wa porini na wa darini ana sababu zake, wala simwambii mtu yeyote amkamate huyo na kumfanya rafiki.

Lakini, Bibi, panya wa kwenye tundu si yule wa darini, ingawa asili yao ni moja. Zamani, katika karne ya 19, watu wa London walikuwa na mchezo mbaya wa kuwatia panya shimoni na kumwachia mbwa awaue huku watu wakicheza kamari. Kwa mchezo huo walihitajiwa panya wengi walio hai, na wawindaji wakawakamata. Kila walipompata mwenye rangi ya ajabu, mweupe au wa mabaka, hawakumtia shimoni, bali walimweka na kumzalisha. Mmoja wao alikuwa Jack Black, aliyejiita mwinda panya wa Malkia Victoria. Mwaka 1901 bibi mmoja, Mary Douglas, alileta panya zake kwenye maonyesho ya mji wa Aylesbury, na tangu hapo panya wa kufugwa akapata kibali cha kushindanishwa kama njiwa na sungura. Huko Philadelphia, Marekani, tangu mwaka 1906 taasisi ya Wistar ilizalisha panya weupe kwa kazi za wataalamu.

Sasa hesabu. Panya huzaa akiwa na miezi michache tu, kwa hiyo miaka zaidi ya mia ni vizazi mamia. Katika vizazi hivyo vyote binadamu alichagua wale wapole na kuwaacha wakali. Mwisho wake ni mnyama asiyeogopa mkono, asiyejua kujitafutia, ambaye rangi yake nyeupe yaonekana na kila paka. Ni kama mbuzi na paa. Mpeleke mbuzi wako porini umwambie nimekupa uhuru, na kesho utaokota pembe. Panya wa kufugwa akiachwa nje ni vivyo hivyo. Njaa, baridi, paka na mbweha humngojea, na panya wa porini wenyewe humfukuza kama mgeni. Aliyemweka kando ya pipa labda alijidanganya kwamba amemwachia Mungu. La, amemhukumu kufa, isipokuwa hakutaka kutazama.

Hata sheria ya huko yasema hivyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika Uingereza na Wales, humtaka kila mwenye mnyama ampe mambo matano: mahali panapomfaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kufanya yaliyo tabia yake, kukaa na wenzake au peke yake kwa jinsi alivyoumbwa, na kulindwa na maumivu na maradhi. Mfugo mdogo naye yumo, hata kama bei yake sokoni ni ndogo. Na hapa Tanzania tunayo sheria yetu ya namna hiyo, ya mwaka 2008. Basi asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu tu.

Kwa hiyo, Bibi, hukumu yangu ni hii. Panya asirudishwe pipani. Hilo moja wote wakubali. Baada ya hapo ziko njia tatu. Kwanza waulize majirani, maana huenda mwenyewe amempoteza, au tundu lilitolewa na mtu mwingine bila ruhusa. Asipopatikana, wapige simu kwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, RSPCA, kilichoanza London mwaka 1824, au kituo kingine cha kuokolea wanyama, waulize kama kuna nafasi. Njia ya tatu ni kumweka wao wenyewe. Lakini njia hii isifuatwe kwa machozi ya watoto peke yake. Mkazamwana wako lazima akubali kwa moyo wake, maana katika nyumba nyingi kazi ya mfugo huanza kwa mtoto ikaishia kwa mama. Asipokubali asilazimishwe, wala asiambiwe kuwa ana moyo mgumu. Kumpeleka panya kwa watu watakaomtunza nako ni kumwokoa.

Iwapo watamweka, au wakimngojea wa kumchukua, wafanye kama ifuatavyo.

Usiku wa kwanza wamwache apumzike. Tundu liwekwe mahali pa joto la kiasi, pasipo upepo, mbali na redio na kelele. Apewe maji, na kipande cha tango ikiwa hajui kunywa kwa chupa ile. Wamtilie karatasi laini zilizochanwa na kisanduku cha kujificha. Mnyama aliyetishika akipata pa kuficha kichwa, nusu ya hofu humtoka. Ikiwa lazima kumshika, wafunike mikono kwa taulo, wamwinue kwa kumkinga kifua na miguu ya nyuma. Wasimwinue kamwe kwa mkia. Ngozi ya mkia wa panya yaweza kuchubuka yote ikatoka kama soksi, na hairudi.

Asubuhi waangalie kama ni dume au jike. Dume mzima mapumbu yake yaonekana wazi, wala hayahitaji mtaalamu. Ikiwa ni jike, wajue kwamba huenda ana mimba. Mimba ya panya huchukua siku 21 hadi 23 tu, na huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja. Saa chache baada ya kuzaa aweza kupata mimba nyingine kama dume yupo. Watoto wa kiume watengwe na mama na dada zao wafikapo juma la tano. Hapa ndipo wengi huteleza: hununua wawili bila kuuliza, wakapata ishirini, wakatafuta pipa.

Mapema iwezekanavyo wampeleke kwa daktari wa wanyama, tena waulize kwanza kama yuko anayewajua panya, maana si wote wamezoea wanyama wadogo. Panya wengi huugua kifua. Akikoroma, akihema kwa ubavu, au akitoa machozi mekundu puani na machoni, watu hudhani ni damu. Si damu. Ni rangi itokayo katika tezi iliyo nyuma ya jicho, nayo huzidi mnyama awapo mgonjwa au mwenye mashaka. Asingojewe apone mwenyewe. Mnyama mdogo hana akiba ya nguvu.

Chakula chake kiwe kile kilichotengenezwa kwa panya, cha vipande vinavyofanana, ili asichague vitamu na kuacha vyenye faida. Juu yake apewe kidogo mboga za majani, karoti, boga, na mara mojamoja yai lililochemshwa. Asipewe maharage makavu yasiyopikwa, wala makombo yenye chumvi na sukari nyingi. Tena, Bibi, panya hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo kibaya kikishaingia kimeingia. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, na kwa sababu hiyo atafune mti safi, la sivyo atatafuna mlango.

Tundu liwe kubwa, lenye ghorofa mbili au tatu, maana panya hupenda kupanda. Sakafu yake isiwe waya mtupu, kwa kuwa waya huumiza nyayo. Kitambaa kilichoning'inizwa kama bembea humfurahisha sana. Maranda ya msonobari yenye harufu kali yasitumiwe, kwa sababu harufu hiyo huumiza mapafu yake. Karatasi ni bora. Mkojo usiachwe kukaa, maana hutoa amonia, na amonia huleta kile kifua nilichokitaja. Na majira ya jua wamweke kivulini. Panya hatoi jasho kama sisi, joto lake humtoka kwa mkia, na joto kali laweza kumwua upesi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, lakini ukweli ni kwamba panya mmoja peke yake hudhoofika. Huyu ni mnyama wa jamaa. Hulala juu ya mwenziwe, humchana manyoya, hucheza naye mieleka. Binadamu hata awe mwema namna gani yuko kazini mchana kutwa. Kwa hiyo, baada ya kutengwa kama majuma mawili hivi na kuonekana hana ugonjwa, atafutiwe mwenzake wa jinsia yake, naye apatikane katika kituo cha kuokolea wanyama, si lazima dukani. Wakutanishwe polepole, mahali ambapo si pa mmoja wao. Ikiwa familia haiwezi kuweka wawili, hiyo ni sababu nzuri ya kumpeleka huyu mmoja kwa watu walio na wengine.

Kumzoeza kwataka subira. Siku za kwanza mtoto akae karibu na tundu akisoma kitabu chake kwa sauti ya chini. Kisha ampe chakula laini kwenye kijiko, na baadaye mkononi. Aliyetupwa amejifunza kwamba mkono huondoka, kwa hiyo asiharakishwe. Mtaalamu mmoja huko Marekani, Jaak Panksepp, aligundua katika miaka ya 1990 kwamba panya wakitekenywa hutoa sauti nyembamba sana, isiyosikika kwa sikio la mtu bila chombo, tena huufuata mkono ule ili watekenywe zaidi. Aliifananisha na kicheko. Waambie wajukuu zako hilo, watafurahi.

Kuhusu usafi, mkazamwana wako muuguzi ndiye awe hakimu. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika panya au tundu lake. Tundu lisioshwe katika beseni la vyombo vya kulia. Panya asitembee mezani, wala asibusiwe. Akiuma, jeraha lioshwe mara moja, na homa ikifuata mtu aende hospitali na kumwambia daktari kwamba aliumwa na panya, kwa maana iko homa ya kuumwa na panya ambayo hupona kwa dawa ikijulikana mapema. Mwaka 2017 huko Marekani watu kadhaa waliambukizwa virusi viitwavyo Seoul kutoka kwa panya wa kufugwa. Mambo hayo si ya kila siku, lakini yapo. Watoto wadogo chini ya miaka mitano wasimshike, na mama mjamzito amwulize daktari wake kwanza.

Jambo la mwisho ni chungu kidogo. Panya wa kufugwa huishi miaka miwili au mitatu tu. Wajukuu zako watamlilia mara ya pili. Wasifichwe. Mtoto aliyemtunza mnyama mpaka mwisho, akamzika, amejifunza neno ambalo sisi walimu hatuliwezi kuliandika ubaoni.

Labda msomaji mwingine ataniuliza: Karani, shida yote hiyo kwa ajili ya panya? Nami nitamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza latoka Chicago. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo kikuu cha huko walimfungia panya ndani ya bomba lenye mlango, wakamwacha mwenziwe huru nje yake. Yule wa nje alihangaika siku baada ya siku mpaka akajua kuufungua mlango, naye hakupewa chochote kwa kazi hiyo. Kisha wakaweka bomba la pili lenye chokoleti, ambayo panya huipenda mno. Angeweza kuila yote kwanza, mwenziwe akiwa bado amefungwa. Lakini alifungua yote mawili, na mara nyingi mwenziwe akapata fungu lake la chokoleti.

La pili liko hapa kwetu, Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine shirika la APOPO hufundisha panya buku. Hawa ni wa aina nyingine, wakubwa kuliko yule wa Leicester, nao ni wenyeji wa Afrika. Hunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na hunusa makohozi ili kugundua kifua kikuu ambacho darubini ilikosa kukiona. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya mia moja. Kwa kuwa alikuwa mwepesi, mabomu hayakulipuka chini ya miguu yake. Mwaka 2020 chama kimoja cha Uingereza, PDSA, kilimpa nishani ya dhahabu. Alistaafu mwaka 2021. Nawaomba mliangalie hilo: hakutupwa alipochoka. Aliendelea kulishwa na kutunzwa, akafa kwa uzee mwezi wa Januari, 2022.

Sasa, wazazi wenzangu, mlio ng'ambo na mlio hapa, sikieni. Wengi wanaotupa wanyama si watu katili. Walinunua kwa haraka siku ya kuzaliwa mtoto, wakadhani ni kama mwanasesere. Mtoto akachoka, nyumba ikanuka, wakahama, au fedha za daktari zikakosekana. Basi kabla hujaleta kiumbe nyumbani, awe panya huko Ulaya au sungura, njiwa na mtoto wa mbwa huku kwetu, jiulize maswali manne. Ataishi miaka mingapi? Atakula nini kila siku? Nani atamtunza tukisafiri? Na siku nitakaposhindwa, nitampeleka kwa nani? Swali hilo la nne lijibiwe siku ya kwanza. Mtu mwenye jibu lake hatafuti pipa usiku.

Na ikiwa umeshashindwa, usione haya kusema. Mwambie jirani, mwambie bwana mifugo, tangaza hata baada ya ibada. Aibu ya kusema nimeshindwa hupita kwa siku moja. Mnyama uliyemwacha nje na chupa kavu hana jirani wa kumweleza shida yake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitawajibu wale watatu walioniuliza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Humo nitamsema yule panya mwingine, wala sitamwonea huruma.

Wasalaam,
Karani wenu wa Parokia.